Nusu ya Siku

"Nusu siku ipi hiyo, mwanangu? Ya asubuhi au ya jioni?"

Bibi alikuwa anasuka ukili, na vidole vyake havikusimama hata alipouliza. Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki kilichoazimwa kwa jirani kwa ajili yangu, kishikwambi magotini, kitambulisho cha mradi wa utafiti wa afya ya akili kinaning'inia shingoni. Nilikuwa nimemsomea swali la kwanza: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo yako? Kisha majibu manne, kama tulivyofundishwa, taratibu na bila kupandisha sauti: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku.

Kwenye kioo sentensi ile haina kosa. Masikioni ni habari nyingine. Siku kwa Kiswahili ni siku, iwe moja au elfu, haina wingi wa kuonekana. Kinachobeba wingi wote ni kale ka "hizo" kadogo mwishoni, na upepo wa pwani ulikameza.

"Asubuhi nachangamka," akaendelea, bila kusubiri nimweleze. "Nafagia, nachota maji, nawaandaa wajukuu. Ikifika alasiri, basi. Mwili unaisha, sitaki hata kusalimiwa."

Nikabonyeza "siku kadhaa". Alama moja.

Nilikuwa nimebakiza kaya nane na jua lilishapinda.

Swali la pili lilihusu huzuni. Akatabasamu, tabasamu lile la mtu mzima anayemsikia mtoto akikosea jina la kitu. "Huzuni sina. Huzuni ni ya msiba, na sisi tanga tumeshaanua. Mimi nina mawazo."

Nikamsomea tena, kwa sababu mwongozo unasema msomee tena. Akanijibu vilevile. Sufuri.

Usingizi: karibu kila usiku anakesha akihesabu boriti za paa, tatu. Uchovu, mbili. Kula, mbili. Kujiona ameshindwa maisha: "Nimeshindwaje, nami nimezaa saba?" Sufuri. Kutuliza akili kwenye jambo, moja. Mwendo kupungua, sufuri. Swali la tisa, lile la kufikiria kwamba afadhali ungekufa, lilimfanya aseme astaghafirullahi na kuukata ukili kwa meno. Sufuri.

Kishikwambi kikajumlisha chenyewe. Namba 9, rangi ya kijani.

Wenye 10 kwenda juu walikuwa wanapewa barua ya rufaa. Wa 9 kushuka chini tuliwashukuru, tukawaachia miche miwili ya sabuni. Nilimpa sabuni yake. Akaipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua ya safari.

## Tisa

Kama ningebonyeza "zaidi ya nusu ya siku hizo", angekuwa na 10.

Kama ningemsikiliza vizuri, ningebonyeza "karibu kila siku", kwa sababu alasiri huja kila siku, na angekuwa na 11.

Jambo hili limekaa nami wiki sita. Nimelipeleka kwa msimamizi wetu, akanijibu kwa upole kwamba tuna watu zaidi ya elfu moja kwenye sampuli, makosa ya huku na huku yatafutana. Kitakwimu yuko sahihi, sina ubishi. Ila bibi hakuwa anafutana na mtu. Alikuwa peke yake kwenye mkeka wake.

## Watu 41

Basi nikaanza kusoma usiku, kama mtu anayetafuta wa kumlaumu.

Dodoso lile linaitwa PHQ-9. Maswali tisa, kila moja sufuri hadi tatu, jumla 27. Lilichapishwa mwaka 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams wa Marekani, kwa ruzuku ya kampuni ya dawa ya Pfizer, na leo linatumika bure dunia nzima. Walilijaribu kwa wagonjwa 6,000 wa kliniki za kawaida na za wanawake. Kati ya hao, 580 walihojiwa upya na wataalamu wa afya ya akili, ili kuona kama namba za dodoso zinakubaliana na masikio ya mtaalamu. Waliokutwa na sonona (depression) kali walikuwa 41.

Arobaini na moja!

Kwa hiyo mstari wa 10, uliomwacha bibi upande wa sabuni, ulichorwa kwa watu wanaoweza kuenea kwenye basi moja la Tanga, wote wa kliniki za Marekani, na sidhani kama kulikuwa na msuka ukili hata mmoja. Nilijiona nimempata mbaya wangu. Nikaanza hata kuandika makala hii, toleo lake la kwanza, lenye hasira na alama nyingi za mshangao.

Halafu nikasoma zaidi, na ndilo kosa la kusoma zaidi. Mwaka 2019 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 58 zenye watu 17,357, na mstari uliotenganisha vizuri kuliko yote ukawa uleule, 10. Harare nako, Zimbabwe, walipolipima dodoso kwa wagonjwa wao wenyewe, mstari haukushuka. Ulipanda hadi 11. Ningekwenda na kipimo cha Waafrika wenzetu, bibi angekuwa mbali zaidi na barua.

Nikalifuta toleo la kwanza.

Mstari haukuwa na shida kubwa, basi. Shida ilikuwa kabla ya mstari, pale maneno yanapotoka mdomoni mwangu na kuingia sikioni mwake.

## Mawazo

Neno la mabango ni sonona. Nalipenda. Ni letu, limetoka kwenye kusononeka, halina harufu ya kutafsiriwa. Wakenya wengi wanasema unyogovu, nalo si baya. Lakini katika kaya zote nilizokaa, sijamsikia mtu akisema "nina sonona". Watu wanasema kichwa kimejaa. Moyo mzito. Presha imepanda, hata ambaye hajawahi kupimwa presha. Mzee mmoja alinitajia jakamoyo, neno ambalo nilikuwa nalijua kwenye mashairi tu, akieleza hasa kile ambacho wataalamu wanakiita wasiwasi: moyo kudunda usiku, masikio wazi, unangoja baya usilolijua.

Lakini kuliko yote, mawazo.

Ona neno lenyewe lilivyo. Wazo likiwa moja ni jambo jema, mtu mwenye wazo anapewa kiti mkutanoni. Yakiwa mengi, ni mgonjwa. Na bibi alikuwa amenipa tofauti ambayo sijaikuta kwenye mwongozo wowote wa mafunzo: huzuni ina mlango wa kutokea. Watu wanakuja, mnalia, mnakula wali wa msiba, tanga linaanuliwa, kila mtu anarudi kwake. Mawazo hayana matanga. Hakuna anayekuja kukaa nayo na wewe, na hakuna siku ya kuyaanua.

Hapo nilikuwa tayari kuandika kwamba tuwaache watu na maneno yao, na wataalamu wajifunze. Aliyenizuia ni shangazi yangu.

Ndoa yake ilipovunjika, tulisema ana mawazo tu. Alipoacha kupika, ana mawazo tu. Alipokonda hadi pete ikawa inavuka kidole yenyewe, na akawa analala kwa saa mbili, ukoo mzima ukasema mpeni muda, yule ana mawazo tu. Miaka miwili. Neno tulilompa lilikuwa la kweli, na lile "tu" ndilo lililomchelewesha. Aliyekuja kumpeleka hospitali ni jirani, si sisi. Akaandikiwa amitriptilini, dawa ya miaka ya 1960, akalalamika kinywa kukauka kama yuko kwenye funga, na baada ya wiki kadhaa akaanza kulala. Baadaye akaanza kugomba. Tulipomsikia anamgombeza muuza samaki kuhusu bei, mama yangu alilia.

Siandiki hivyo kuitangaza dawa. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi wa majaribio 522 yenye watu 116,477 na dawa 21 za sonona kwa watu wazima. Zote zilishinda kidonge kisicho na dawa ndani, na ile ya zamani ya shangazi ndiyo iliyoongoza kwa nguvu, ingawa si kwa kuvumilika. Ushindi wenyewe kwa wastani haukuwa mkubwa, na wengi walifuatiliwa kama wiki nane hivi, wakati sonona ya mtu inaweza kumaliza misimu mitatu ya mvua. Ila "haukuwa mkubwa kwa wastani" na "mama yangu alilia" vyote ni kweli kwa pamoja, na mimi sijui namna ya kuvijumlisha.

## Benchi

Kisa cha Harare wengi mnakijua kwa juu juu, kile cha bibi na benchi. Ngoja nikae kwenye sehemu ninazozirudia mimi.

Mwaka 2005, daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, msichana aitwaye Erica. Alijiua. Mama yake alimweleza daktari kwamba walitaka kuja hospitali, ila walikosa dola 15 za nauli. Chibanda amekisimulia kisa hicho hadharani mara nyingi. Kila nikikisikia nazikumbuka barua zetu za rufaa. Tulizichapa vizuri, zina nembo. Nauli haimo ndani.

Hakuwa na majengo wala wauguzi wa kuongezewa. Alipewa bibi 14 wa mtaa wa Mbare, waliokuwa tayari wahudumu wa afya wa kujitolea, na benchi nje ya kliniki. Mwanzoni aliliita benchi la afya ya akili. Hakuna aliyekuja kukaa. Bibi wenyewe ndio waliomwambia abadilishe, liwe benchi la urafiki. (Hapo ndipo ninapoamini kwamba kila mradi ungekuwa na bibi mmoja wa kusoma fomu kabla hazijapigwa chapa.)

Na walitumia neno la nyumbani, kufungisisa. Kwa Kishona kufunga ni kufikiri, na huo mkia wa mwisho unamaanisha kupitiliza. Kufikiri hadi ikawa maradhi. Mawazo, yaani. Sisi tuliobaki na kufunga kwa maana ya mlango na kamba, sikio letu linasikia kitu cha ziada pale, mtu aliyejifungia ndani ya kichwa chake. Najua si etimolojia. Niruhusuni.

Kipimo walichokitumia kuwapokea watu benchini kina maswali 14 na kiliundwa Zimbabwe miaka ya 1990, katika kazi iliyoongozwa na daktari wa afya ya akili Vikram Patel, kwa kuanzia kwenye maneno ya wagonjwa na waganga. Na mojawapo ya maswali yake linauliza waziwazi kama kuna nyakati ulikuwa ukifikiri sana au kufikiri mambo mengi.

Swali la bibi yangu. Lipo. Lilikuwepo tangu mimi niko shule ya msingi.

Jaribio lenyewe lilichapishwa Desemba 2016 kwenye jarida la tiba la JAMA: kliniki 24 za Harare, watu 573. Nusu ya kliniki zilitoa huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo, nusu zikatoa benchi, vikao sita na bibi. Kikao cha kwanza wanakiita kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Unayataja matatizo yote, mnachagua moja, moja tu, mnalitafutia njia inayowezekana wiki hii. Kisha kusimudzira, kuinua. Kisha kusimbisa, kutia nguvu. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona upande wa benchi walikuwa asilimia 13.7. Upande wa pili, asilimia 49.9.

Na walipimwa kwa PHQ-9. Dodoso lilelile nililotaka kulitupa mtoni.

## Wa kulinganishwa nao

Nikitoka Harare huwa nakwenda Uganda, kwenye utafiti wa mwaka 2003 ninaoupenda kuliko wote. Vijiji 30 vya Masaka na Rakai, eneo lililokuwa limevunwa na Ukimwi. Paul Bolton na wenzake hawakuanza na dodoso, walianza kwa kuuliza watu wanateswa na nini, wakapewa majina mawili: yokwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Sikiliza hilo la kwanza, chuki yetu imo ndani yake. Wakaunda vikundi vya wanakijiji vilivyoongozwa na wenyeji waliofundishwa, dakika 90 kwa wiki, wiki 16. Mwishoni, waliokuwa bado na vigezo vya sonona kali vikundini walikuwa asilimia 6.5. Wasio na vikundi, asilimia 54.7.

Namba tamu. Siku hizi namba tamu zinanitia shaka, kwa sababu nimezikusanya kwa mikono yangu.

Mtu aliyesaidiwa na kijana mpole kwa wiki 16, kijana huyohuyo au mwenzake akirudi na fomu, atasema bado analia? Tuna adabu zetu. Ukimpa mtu chai huulizi ilikuwaje. Watafiti wa Kenya walilikabili hilo vizuri zaidi: mwaka 2021 kwenye JAMA Psychiatry, Tom Osborn na wenzake walichapisha jaribio la Shamiri, wanafunzi 413 wa sekondari, vikao vinne vinavyoongozwa na vijana waliomaliza shule juzijuzi. Kundi la kulinganisha halikuachwa bure, lilipewa vikao vya mbinu za kusoma, vijana walewale, muda uleule. Shamiri ilishinda kwa sonona na kwa wasiwasi. Lakini lile kundi la mbinu za kusoma nalo likapata nafuu.

Nilikaa na sentensi hiyo jioni nzima. Mtoto anafundishwa kupanga ratiba ya kusoma, moyo unapungua uzito. Pengine siku zinapita tu na mtu anapona mwenyewe. Pengine kilichomponya ni kwamba kijana wa rika la kaka yake alikuja, akamjua jina, akarudi wiki iliyofuata.

Sisi hatukuwa tunarudi. Utafiti wetu ulikuwa wa kupita mara moja.

## Nilijijazia

Usiku mmoja gesti, umeme umekatika, kishikwambi kina chaji, nikafungua fomu ya majaribio nikajihoji mwenyewe.

Usingizi. Nikabonyeza tatu. Nikaendelea. Nilipofika swali la sita nikajumlisha kichwani, nikaona naelekea wapi, nikarudi nyuma kwa kidole nikaifanya ile tatu kuwa moja. Nikamaliza na 8. Kijani.

Hakuna aliyekuwa ananitazama. Hakuna aliyekuwa angeiona fomu ile. Nimesoma chuo, naandika makala za afya ya akili, na nilijidanganya mwenyewe gizani ili nisifike 10.

Sasa fikiria mgeni anakuuliza swali la tisa, kwenye nchi ambayo dini inaliita jambo lenyewe dhambi na Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Kwetu Tanzania bado. Kila sufuri niliyoandika kwenye swali la tisa naiangalia kwa jicho jingine sasa.

## Ng'ambo

Jumamosi iliyopita nilipanda kivuko cha Pangani kwa nauli yangu. Mradi umekwisha, sikuwa na kitambulisho wala sabuni. Nilibeba sukari kilo mbili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Lile daftari lako la kioo lilisemaje kuhusu mimi?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo njia nzima, alama, mstari, nusu ya siku. Yakaniishia. Nikamwambia lilisema hali yako si mbaya sana, ila nadhani mimi nilikusikia vibaya. Akaguna. Akasogea mkekani ili nipate pa kukaa, akanipa ncha ya ukili niushike, upate kunyooka.

"Alasiri bado ni ileile," akasema baada ya muda. Halafu akaanza kunieleza habari za mwanawe wa saba, aliyekwenda Mombasa na simu yake haipatikani, habari ambazo maswali yote tisa hayakuzifikia. Alieleza taratibu, anasuka. Alipofika mahali fulani vidole vilisimama. Sikusema kitu, kwa sababu sikuwa na swali linalofuata.

Kisha akanigeukia, akanikagua usoni kama mtu anayechagua samaki.

"Na wewe, mwanangu. Unalala?"

Nilisema nalala.

Akaushika ukili kwa upande wake, akauvuta kidogo, na mimi upande wangu nimeushikilia.

"Nimekuuliza vizuri," akasema. "Unalala?"